Harajuku ya Tokyo: wale vijana wa mavazi ya rangirangi bado wapo, au tumebaki na picha za zamani?

#1 Mama Tunu
Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nipo Dar. Mwezi ujao nakwenda Japani kwa mafunzo ya wiki tatu, tutakaa Yokohama, na kwenye ratiba kuna Jumapili moja tu ya mapumziko. Hiyo Jumapili nimeshaipangia Harajuku.

Sababu ni binti yangu, yupo kidato cha tatu. Ana daftari zima la michoro ya wasichana wa kule: soksi tatu tatu mguu mmoja, magauni yaliyofura kama mwavuli, vibanio vimejaa kichwani hadi nywele hazionekani. Kaniambia, "Mama, chokoleti sitaki. Niletee picha za mishono."

Jana mtu aliyewahi kufika akanivunja moyo. Anasema mambo yale yalikwisha zamani, siku hizi ni watalii wanapiga picha watalii wenzao. Aliyefika karibuni anieleze. Na kama kweli yamekwisha, yamekwisha kwa nini?

#2 Kipepeo Mweusi
Naweka mkeka hapa. Wajuzi waje.

#3 Mkazi wa Saitama
Karibu dada. Nipo huku mwaka wa kumi na moja sasa, na Harajuku napita kila wiki nikienda kazini.

Kwanza njia. Kutoka Yokohama panda treni ya Toyoko inayopitiliza kwenye njia ya Fukutoshin, hubadilishi popote hadi Meiji-jingumae. Hapo umeshafika. Angalia tu treni yako isiwe ile inayoishia Shibuya. Uchochoro maarufu ni Takeshita, una mita 350 hivi, na kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 12 jioni magari hayaingii. Siku ya Jumapili mchana unasukumwa na watu tu, huchagui pa kukanyaga.

Ukweli ni kwamba huyo aliyekuvunja moyo hakukudanganya. Kulikuwa na jarida la picha, FRUiTS, la mpiga picha Shoichi Aoki. Alianza mwaka 1997, kazi yake kusimama barabarani na kuwapiga picha vijana waliovaa kwa ubunifu wao wenyewe. Mwaka 2017 akasimamisha toleo la kila mwezi, akasema hapati tena vijana wa kutosha wa kupiga. Mtu aliyesimama mtaa ule miaka ishirini akisema hawaoni, mimi ni nani nibishe?

#4 Binti Ng'ambo
Mkazi wa Saitama, mimi nabisha. Nilikwenda na wifi yangu kutoka Muscat mwaka 2023, na niliwaona kwa macho yangu. Tatizo watu wanawatafuta Takeshita saa nane mchana, katikati ya foleni za pipi za pamba. Hawakai huko. Tuliwakuta kwenye njia za nyuma na kuelekea bustani ya Yoyogi, kundi la wasichana saba au wanane wa mtindo unaoitwa decora, na wavulana wawili.

Nilisimama karibu na mmoja mpaka nikawa nasikia akitembea. Vibanio vya plastiki vinagongana, ka-ka-ka, kama ushanga kwenye kibuyu. Upande mmoja tu wa kichwa nilihesabu ishirini na kitu: nyota, stroberi, vidubu, vifungo vya simu. Puani kabandika plasta ya rangi kwa urembo, hana jeraha. Mkononi bangili hadi kwenye kiwiko. Na kila rangi imerudiwa mahali pengine: pinki ya kibanio ipo kwenye soksi, njano ya bangili ipo kwenye kamba ya kiatu. Mtu kakaa mbele ya kioo saa nzima kwa hilo. Hakuna kilichorundikwa ovyo.

#5 Babu wa Raizoni
Salaam. Kabla ya kuuliza kimekufa kwa nini, tuulize kilizaliwa kwa nini pale na si kwingine.

Baada ya vita ya pili Wamarekani walijenga pale Yoyogi makazi ya familia za wanajeshi wao, yakaitwa Washington Heights. Yakaja maduka ya kuwauzia Wamarekani, midoli, vitabu, nguo, na vijana wa Kijapani wakawa wanakwenda kuchungulia maisha ya kigeni. Ilipokuja Olimpiki ya 1964, eneo likarudishwa, likafanywa kijiji cha wanamichezo. Mwaka 1967 ikawa bustani ya Yoyogi. Hadi leo wameacha nyumba moja ya mbao ndani ya bustani kama kumbukumbu. Kwa hiyo asili ya Harajuku ni hao wageni.

Na viatu vile vya soli nene anavyochora bintiyo, sisi miaka ya sabini tuliviita raizoni. Tulivaa na suruali za bugaluu.

#6 Mwana wa Kericho
Babu hapo kwa 1964 umenigusa. Wilson Kiprugut alichukua shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki hiyo, medali ya kwanza kabisa ya Kenya, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Kwa hiyo kijana wetu alikuwa akilala kwenye ardhi hiyo hiyo kabla hata ya hayo magauni. Nilipoingia Yoyogi nilikaa kwenye benchi nikamfikiria sana.

#7 Daftari la Ushahidi
Babu, shikamoo. Historia yako ni sahihi ila hitimisho nalipinga. Wamarekani waliondoka miaka ya sitini, na vijana walifurika zaidi ya miaka kumi baadaye. Kilichowaleta ni barabara. Mwaka 1977 walianza kufunga barabara pale kwa magari kila Jumapili, Wajapani wanaita hokoten, kifupi cha maneno yenye maana ya pepo ya waenda kwa miguu. Hapo ndipo wakatokea wale Takenoko-zoku, vijana wa majoho mapana ya rangi kali, wanacheza kwa makundi barabarani na redio kubwa katikati. Jina walilipata kwenye duka lililowauzia nguo. Mwaka 1978 ikafunguliwa Laforet, jengo la maduka ya wabunifu wachanga, ipo hadi leo pale kwenye makutano.

Na kufa kwake kuko hapo hapo. Hokoten ilifutwa mwaka 1998. Ukiwanyima watu uwanja, wataonyeshana wapi?

#8 Mkazi wa Saitama
Daftari, lakini tarehe zako zinakukataa. FRUiTS ilianza 1997, na miaka yake mizuri yote ni baada ya 1998. Kama kufungwa kwa uwanja ndiko kuliua, wale waliojaza jarida miaka kumi na tisa walitoka wapi?

#9 Daftari la Ushahidi
Walihamia kwenye daraja la Jingu, lile la kati ya stesheni na lango la hekalu la Meiji, na kwenye vichochoro. Mti ukikatwa hauanguki majani siku hiyo hiyo.

#10 Kipepeo Mweusi
Hapo Saitama kapigwa na kitu kizito. Tuendelee.

#11 Pamba Nyepesi
Mnazungumzia magauni tu, na Harajuku ya wanaume je? Nyuma ya barabara kubwa ya Omotesando kuna vichochoro wanaviita Ura-Harajuku, yaani Harajuku ya uani. Mwaka 1993 wabunifu Nigo na Jun Takahashi walifungua kiduka kidogo, Nowhere. Mmoja akatoka na nembo ya A Bathing Ape, mwingine Undercover. Fulana chache, zikiisha zimeisha, watu wanapanga foleni toka alfajiri. Huu mtindo wa leo wa raba kutoka pea chache na vijana kulala nje ya duka, vichochoro vile viliuchangia sana.

Kwangu mimi muuaji ni kodi ya pango. Vijana wale walianza pale kwa sababu vyumba vya uchochoroni vilikuwa rahisi. Jina likakua, makampuni makubwa yakaja na pesa zao, mwaka 2008 H&M wakafungua duka kubwa. Mwanafunzi ataweka wapi meza yake ya kushonea?

#12 Binti Ng'ambo
Nguo za bei rahisi za makampuni makubwa ziliua pia hamu ya kushona. Mbona ununue kitambaa wakati blauzi ni bei ya chakula cha mchana? Mama Tunu hili unalijua kuliko sisi.

#13 Mama Tunu
Nalijua sana. Nimesoma yote, ahsanteni. Nina swali la adabu: naweza kuwapiga picha? Na hao wenye magauni ya mwavuli ndio wanaoitwa kosplei?

#14 Lesi na Gagulo
Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Dada Mama Tunu, tafadhali usiwaite kosplei mbele yao, wataumia. Kosplei ni kuvaa kama mhusika wa katuni au mchezo. Mwenye gauni la mwavuli, mara nyingi ni mtindo unaoitwa Lolita, na pale anavaa kama yeye mwenyewe. Nembo zao ni kama Angelic Pretty na Baby, The Stars Shine Bright. Gauni moja jipya ni pesa nyingi, ndiyo maana wengi hununua yaliyotumika.

Umbo lile la mwavuli halitokani na gauni lenyewe. Linatokana na gagulo la ndani, tabaka juu ya tabaka, juu limebana kiunoni, chini linamwagika. Sketi ya juu lazima ikatwe kwa nafasi ya kulimeza gagulo lote, la sivyo inapanda mbele na kuonyesha lesi. Mimi nashona ya kwangu, nipo Mombasa, nayavaa na hijabu, na kuna akina dada Waislamu nchi nyingi wanavaa hivyo. Ushungi na kola ya lesi vinapendana sana.

Picha: omba kwanza. Onyesha kamera, sema "shashin, ii desu ka?" Akikunja mikono kama alama ya kuzidisha, amekataa, inama kidogo uondoke. Kuwanyemelea kwa nyuma na simu ndiko kulikowachosha wengi. Mkiuliza wameenda wapi, na mimi naongeza hoja yangu: walichoka kuwa maonyesho ya bure ya watalii.

#15 Mtu wa Goma
Nimecheka kwa furaha kusoma hapa. Kwetu Kongo tunawajua wabunifu wa Japani tangu wazazi wetu. Sapeur wa Kinshasa, yaani mtanashati wa kupenda mavazi, ukimtajia Yohji Yamamoto anasimama wima. Papa Wemba mwenyewe alikuwa mpenzi wa nguo za Yohji, na alikwenda Japani kupiga muziki miaka ya 1980.

Mimi nilipofika nilitoka Harajuku kwa miguu. Unafuata Omotesando chini ya miti ile ya keyaki, kilomita moja hivi, unavuka barabara kubwa ya Aoyama, upande wa pili ndio maduka ya Yohji na Comme des Garçons. Sikununua kitu. Niliruhusiwa kujaribu koti moja jeusi, nikakaa nalo kwenye kioo dakika tano. Bega lake limeshuka makusudi, mkono unaanzia chini ya mahali unapoutegemea, na bado likikaa mwilini linakaa sawa. Muuzaji hakunikimbiza. Nilimpigia kaka yangu simu usiku ule ule.

#16 Pamba Nyepesi
Hakuna aliyetaja mawinga? Takeshita na jirani zake utakutana na ndugu zetu, wengi wa Afrika Magharibi, wamesimama milangoni mwa maduka ya nguo za hip hop, "brother, brother, ingia uone." Kama umezoea mawinga wa Kariakoo, huna shida.

#17 Kijana wa Ufadhili
Naomba niwasemee. Mmoja wao alinisaidia sana. Nilikuja huku masomoni, Kijapani sijui, baridi ya mwezi wa pili imenikuta na jaketi la Morogoro. Nilipita pale akaniita, nikamwambia ukweli kwamba sina pesa. Akaniacha nipashe mikono dukani, akanielekeza Shimokitazawa kwenye maduka ya mitumba, akaniandikia jina la stesheni kwenye karatasi. Jaketi nililonunua huko ninalo hadi leo. Wale ni watu wanatafuta riziki kwenye baridi, siku nzima kwa miguu.

#18 Pamba Nyepesi
Kijana, nimekusoma na nimekubali. Sikuwa na nia ya kuwadharau.

#19 Babu wa Raizoni
Mitumba wanayo hata Harajuku yenyewe, na utaona kimono za zamani zinauzwa kwa bei ya kawaida kabisa. Mama Tunu, shika kitambaa uone uchapaji wake. Si ajabu kwamba kanga nyingi za mama zetu zilichapwa Japani.

#20 Kipepeo Mweusi
Babu, kanga si zilitoka India?

#21 Babu wa Raizoni
Zilitoka India, Uingereza, Uholanzi, kwingi. Lakini miaka ya 1950 na 1960 Japani ndiyo iliyokuwa ikimwaga kanga pwani yetu, kabla viwanda vyetu kama Urafiki havijasimama. Wafanyabiashara wa pwani walituma mchoro na msemo wa Kiswahili, na mafundi wa huko wakachapa maneno wasiyoyaelewa. Mama yangu alikuwa nayo moja ya rangi nyekundu na nyeusi, na ukingoni paliandikwa kwamba imetengenezwa Japani. Ilifuliwa miaka na miaka na nyekundu yake haikuhama. Tulimfunikia siku ya mwisho.

#22 Lesi na Gagulo
Mungu amrehemu mama, Babu.

#23 Mkazi wa Saitama
Amina.

Nirudi kwa mambo ya safari. Mama Tunu, mitaani huku mapipa ya taka ni adimu, beba mfuko wako. Krepe lazima ule, ni chapati nyembamba ya maji inayokunjwa kama pembe ndani ya karatasi, krimu na stroberi ndani. Maduka ya Takeshita yanaziuza toka 1977, na dirishani wanapanga za plastiki utadhani za kweli. Ile stesheni ya mbao uliyoiona kwenye picha, ya mwaka 1924, usiitafute. Ilibomolewa 2020 baada ya mpya kufunguliwa.

#24 Binti Ng'ambo
Na kwa swala: kutoka Meiji-jingumae panda njia ya Chiyoda vituo viwili tu hadi Yoyogi-Uehara. Kuna msikiti mkubwa wa Kituruki, Tokyo Camii. Ukimaliza kusali unarudi Harajuku, hata nusu siku haijakatika.

Viatu, usijipe matumaini. Wanapima kwa sentimita, na vya kike vingi vinaishia 24.5 au 25. Wifi yangu alitoka mikono mitupu maduka sita.

#25 Mama Tunu
Wapendwa, nimerudi nyumbani tangu Alhamisi. Ahsanteni mno. Niwape ripoti yangu.

Nilifika saa 4, nikaanza na hekalu la Meiji kwa sababu ni ng'ambo tu ya stesheni. Sikuamini. Unaacha kelele, unapita chini ya lango la mbao, na umeingia msitu. Niliambiwa miti kama laki moja ilitolewa na watu wa kila pembe ya nchi na kupandwa kwa mikono, hekalu lilipofunguliwa mwaka 1920. Nilitaka kukaa zaidi lakini nilimkumbuka Tunu na daftari lake.

Takeshita ilikuwa kama Saitama alivyosema. Watalii, foleni, simu juu. Nilipita nzima sikuona hata mmoja, nikaanza kusikitika. Laforet nilishuka hadi sakafu za chini, hapo nikaona magauni ya mwavuli yamening'inizwa, mazuri kweli, lakini hayana mtu ndani.

Nikafuata maelekezo ya Binti Ng'ambo. Saa 8 kasoro, njia ya kwenda bustanini, nikamwona msichana mmoja amekaa kwenye ukuta mfupi anamsubiri mwenzake. Vibanio kama ulivyovieleza, na vile vinavyolia. Juu kavaa kigauni cha vipande vipande, maua, mistari, midoli. Nikasema yale maneno ya Lesi na Gagulo. Akakubali. Nikapiga mbili. Kisha nikajionyesha vidole kama ninayeshona kwa mkono, nikaonyesha kigauni chake, nikauliza kwa macho. Akajigonga kifuani: mwenyewe.

Alikunja pindo akanionyesha ndani. Vipande vilikuwa vya nguo za watoto, vitatu vina lebo bado. Hakupiga ovaloki. Kila ukingo kaushika kwa mkono, uzi wa rangi tofauti, mishono midogo sana, na penye kona kageuza kitambaa mara mbili ili kisichomoke. Mahali pamoja alikosea akafumua, tundu za sindano zilikuwa bado zinaonekana, akaziba kwa kifungo chenye sura ya paka. Mimi nimeshona miaka kumi na tisa. Mkono ule ni wa fundi.

Nilikuwa nimevaa kitenge, mkono wa bati. Na yeye akanishika mkono, akageuza ukingo wa kitenge changu aone mshono wangu. Tukabaki hivyo, kila mmoja ameshika nguo ya mwenzake. Mwenzake alipofika akakuta tunacheka.

#26 Lesi na Gagulo
Nimeisoma mara mbili. Nguo za watoto! Hilo nalijaribu wiki hii.

#27 Mkazi wa Saitama
Nimefurahi sana kwa ajili yako, dada. Ila niseme kwa heshima: msichana mmoja kwa siku nzima bado ni hoja yangu. Miaka ile ungewakuta mia.

#28 Binti Ng'ambo
Na wangapi walikuwa kwenye simu zao siku hiyo, wanaonyeshana bila kufika mtaani? Mbona mnahesabu waliosimama barabarani tu?

#29 Daftari la Ushahidi
Kama wapo kwenye simu ni kwa sababu barabara walinyang'anywa 1998. Narudi pale pale.

#30 Mwana wa Kericho
Bado pia watoto wenyewe wamepungua, Japani inazeeka. Mmeihesabu hiyo?

#31 Mama Tunu
Endeleeni, nasoma. Tunu amezikuza zile picha mbili kwenye simu hadi zimepoteza sura, na ameshakata fulana mbili za mdogo wake bila kuuliza. Sasa anataka vibanio vya plastiki, vile vidogo vya nyota na matunda, vingi. Kwa jumla hapa mjini navipata wapi?

#32 Pamba Nyepesi
Kariakoo, mtaa wa Kongo. Nenda asubuhi kabla ya saa 3. Nunua kwa dazeni, na zigonganishe kwanza usikie mlio.